Siku moja Firenze na mama mwenye magoti mabovu: mngeacha nini?

#1 Nuru wa Korogwe
Habari za jioni wakuu. Mwanzoni mwa Oktoba naenda Roma na mama, tumo kwenye kundi la hija la parokia. Ratiba ya kundi imebana: Jumanne Assisi, Jumatano kumsikiliza Papa uwanjani, halafu makanisa makubwa ya Roma. Jumatatu tumeachiwa, kila mtu na lake. Nataka tuitumie Firenze (Florence), twende asubuhi turudi usiku.

Vya kuona najua viko tele, na hapo ndipo ninapokwama. Ratiba nilizozikuta mtandaoni zina vituo kumi na zaidi, dakika arobaini hapa, dakika ishirini pale, mpaka nachoka kuzisoma. Mama ana miaka 67. Kwenye tambarare anatembea vizuri, ngazi ndizo zinamtesa. Ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) wa siku nyingi, anapenda makanisa, anapenda kukaa akatazama watu wanavyopita, kukimbizwa hapendi. Nadai hivi: vitu vitatu kwa siku vinatosha, na kinachozidi hapo ni kuurudisha mwili hotelini bila kumbukumbu. Waliofika wanikosoe.

#2 Mzee wa Ramani
Vitatu ni vichache mno kwa nauli mtakayolipa. Asubuhi makumbusho ya Uffizi, mkaone mchoro wa Venus wa Botticelli. Mchana makumbusho ya Accademia kwa David wa Michelangelo, sanamu ya zaidi ya mita tano iliyochongwa kati ya 1501 na 1504. Alasiri mpande kuba la kanisa kuu, jioni daraja la Ponte Vecchio. Tiketi zote nunueni mapema. Mtu akikuuliza ulikwenda Firenze na David hukumwona, utamjibu nini?

#3 Anna wa Perugia
Mzee wa Ramani, soma siku aliyoitaja. Jumatatu Uffizi imefungwa, Accademia imefungwa, na jumba la Pitti ng'ambo ya mto nalo limefungwa. Ni makumbusho ya serikali, hayo yote hupumzika Jumatatu.

Na kuba hilo la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lina ngazi 463, lifti hakuna. Njia yenyewe ni nyembamba, inapita katikati ya ganda la ndani na ganda la nje, na ukishaingia nyuma yako kuna watu, kugeuka ni kazi. Mnara wa Giotto ulio pembeni una ngazi 414, nao hauna lifti. Usimpeleke mama huko.

#4 Mzee wa Ramani
Hilo la Jumatatu nimelipokea, asante. Basi abadilishe siku.

#5 Nuru wa Korogwe
Haibadiliki mkuu, ndiyo siku pekee tuliyoachiwa. Anna, asante sana, ningefika mlangoni nikagonga.

#6 Baharia wa Malindi
Dada Nuru, hiyo Jumatatu ni bahati, wala usisikitike.

Mimi naongoza wageni huku Malindi, Kiitaliano nimekipatia kazini kama wenzangu wengi wa pwani hii. Firenze nimefika kwa mwaliko wa wateja waliogeuka marafiki. Wale wenyeji hawakuniingiza makumbusho hata moja siku ya kwanza. Tulikaa kwenye uwanja wa Piazza della Signoria. Pale kuna baraza kubwa lililo wazi, Loggia dei Lanzi, limejaa sanamu za kweli kabisa na mlangoni hakuna wa kukudai. Yuko Perseus wa Cellini, shaba ya mwaka 1554, ameshika kichwa cha Medusa kinachochuruzika. Ipo kazi ya Giambologna, watu watatu waliojipinda ndani ya jiwe moja la marumaru, ukizunguka kila upande unaona kitu kingine. Mbele ya jumba la Palazzo Vecchio amesimama David wa nakala, yupo hapo tangu 1910, mahali pale pale alipokuwa David mwenyewe hadi alipohamishwa 1873. Mtembeze mama hadi kwenye duara la jiwe lililo chini, hapo ndipo alipouawa na kuchomwa mtawa Savonarola, Mei 1498. Mpe hadithi yake, mwache atazame. Saa nzima imekwisha na mguu haujauma.

#7 Mzee wa Ramani
Nakala ni nakala. Kumwambia mama "huyu siye, ila anafanana naye" ni kumpunja.

#8 Frateri Mstaafu
Nilisoma Roma, Firenze nimepita mara nyingi, naomba niongeze jambo ambalo wote mmeliruka.

Ndani ya kanisa kuu, Santa Maria del Fiore, kuingia ni bure, ila foleni hujikunja mpaka ubavuni, na wageni huanza kuruhusiwa saa nne na robo asubuhi. Nje ni marumaru nyeupe, kijani na waridi, jicho halishibi. Ndani ni patupu kuliko watu wanavyotarajia, wengi hutoka wakiulizana kama ndiyo hivyo tu. Sababu ni kwamba vitu vyake vingi vya thamani vilihamishiwa makumbusho yaliyo nyuma ya kanisa, Museo dell'Opera del Duomo. Jumatatu pako wazi, pana lifti, na ukilinganisha na Uffizi watu ni wachache.

Humo mama ataona milango ya shaba ya Ghiberti yenyewe, ile aliyoifanyia kazi kuanzia 1425 hadi 1452, ambayo watu huiita Milango ya Peponi. Iliyoko nje kwenye jengo la ubatizo ni nakala. Ataona Pietà ya uzeeni ya Michelangelo, sanamu ya Kristo aliyeshushwa msalabani, aliyoikusudia kwa kaburi lake mwenyewe, kisha akaivunja kwa nyundo kabla haijakamilika. Yule mzee aliyevaa kofia na kumshika Kristo kwa nyuma, uso ni wa Michelangelo. Na ataona Maria Magdalena wa Donatello, wa mti, amekonda, nywele zimemfunika hadi magotini. Mama wa WAWATA akisimama mbele ya sanamu hiyo huhitaji kumweleza chochote. Mimi ningejenga siku nzima juu ya makumbusho hayo pekee.

Tiketi ya pamoja yenye kuba ni kama euro 30. Chukueni ile ndogo isiyo na kuba, ni karibu nusu yake.

#9 Nuru wa Korogwe
Frateri, hili sikuliona kwenye ratiba hata moja. Nimeliandika.

#10 Kigoma Express
Mbona hamsemi Pisa? Ni saa moja tu kwa treni ya kawaida. Asubuhi Firenze, saa nane mnaingia Pisa, picha na mnara, mnarudi. Miji miwili kwa siku moja.

#11 Anna wa Perugia
Kigoma, rudia kusoma #1. Kuna neno "kukimbizwa". Saa moja kwenda, saa moja kurudi, mwendo wa kutoka stesheni ya Pisa hadi kwenye mnara na kurudi tena. Alasiri yote imeliwa na njia.

#12 Kigoma Express
Kila mtu na mwendo wake. Mimi nilikwenda na bibi yangu na hakulalamika.

#13 Baharia wa Malindi
Bibi zetu hawalalamiki mbele za watu. Ulimuuliza walipomaliza kumkanda miguu?

#14 Msukuma wa Stuttgart
Wakuu, mimi nipo Ujerumani. Kwa mtu mwenye magoti gari ndiyo suluhisho. Akodi Roma, aendeshe mpaka mlangoni mwa kanisa.

#15 Anna wa Perugia
Hapana, hapana. Katikati ya Firenze ni eneo lenye kizuizi cha magari, ZTL. Kamera zinasoma namba, hakuna askari wa kukusimamisha, na bahasha ya faini inakukuta nyumbani baada ya miezi kupitia kampuni ya kukodisha. Mwenye gari huliacha nje ya mji. Liko eneo la maegesho la Villa Costanza linaloingilika moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1, unapanda tramu ya T1 mpaka stesheni. Ila kwa anayetoka Roma treni haina mpinzani.

#16 Frateri Mstaafu
Anna kasema kweli. Treni ya mwendo kasi kutoka Roma Termini ni kama saa moja na nusu. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo mnunue mapema. Zile za mikoa ni rahisi na bei haibadiliki, ila zinachukua zaidi ya saa tatu, kwa safari ya siku moja haziwafai. Angalieni mshuke stesheni ya Santa Maria Novella, maana mji una stesheni nyingine pia. Ukitoka pale ni mwendo wa dakika kumi hivi, tambarare, na kuba unaliona mbele yako. Na muda kwenye tiketi umeandikwa kizungu, saa 8.30 ni saa mbili na nusu yetu.

Jambo la mavazi: mabega na magoti yafunikwe kanisani. Mama atakuwa na kanga begani, kwa hiyo hana shida. Wewe binti beba yako.

#17 Nuru wa Korogwe
Asanteni. Sasa chakula. Mama hali vitu asivyovijua, na mfuko wetu si mkubwa.

#18 Baharia wa Malindi
Hapo ndipo Firenze itamshangaza mama. Chakula cha mtaani cha mji ule ni utumbo. Wanakiita lampredotto, ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa polepole na nyanya, kitunguu, figili na majani ya parsley mpaka linalainika, linakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate, juu sosi ya kijani au ya pilipili. Kipande cha juu cha mkate wanakichovya kwenye supu. Vibanda viko mitaani na ndani ya masoko, San Lorenzo na Sant'Ambrogio. Wafanyakazi wa benki na wazoa taka wanasimama bega kwa bega wanakula. Mtu aliyekulia supu ya utumbo asubuhi hana haja ya kutafsiriwa.

Kahawa mnywe mkiwa mmesimama kaunta, ni euro moja na senti kadhaa. Mkikaa mezani kwenye uwanja mkubwa bei inaruka. Ila kwa mama ningelipa hiyo ya kukaa mara moja, kwa kuchagua. Ni kodi ya kiti chenye mandhari.

#19 Bint Mbarouk
Kwa sisi Waislamu huo utumbo si wa kuchinjwa kwetu, mjue. Mimi nilikula supu za mboga: ribollita ya maharage na kabeji nyeusi, na pappa al pomodoro, mkate uliolainishwa kwenye nyanya. Unauliza kwanza kama mchuzi umetiwa nyama. Kinachonisumbua mpaka leo ni ule mkate. Hauna chumvi hata chembe! Nilidhani mwokaji kasahau, kesho yake duka jingine hali ni ile ile. Nani anajua sababu?

#20 Frateri Mstaafu
Vita na Pisa. Pisa ilishika bandari, ikazuia chumvi isipande mtoni kwenda Firenze, karne ya 12. Watu wakaoka bila chumvi, ikawa desturi.

#21 Anna wa Perugia
Hiyo ndiyo hadithi wanayowapa watalii. Huku Perugia mkate wetu pia hauna chumvi na sisi tunasema ni kodi ya chumvi ya Papa, watu walikasirika mwaka 1540 wakaigomea. Kila mji una adui wake wa kumlaumu.

#22 Baharia wa Malindi
Mama mwenye nyumba aliyenikaribisha alinipa jibu jingine. Nyama zao za kukausha na jibini la kondoo vina chumvi kali, ukiweka na kwenye mkate huli. Niliona lina mantiki kuliko vita.

#23 Frateri Mstaafu
Mshairi Dante alipofukuzwa Firenze mwaka 1302 aliandika kuwa mhamishwa ataonja jinsi mkate wa watu ulivyo na chumvi. Ina maana tayari zama zake mkate wa kwao ulikuwa hauna. Kwa hiyo hiyo ya 1540 haiwezi kuwa chanzo.

#24 Anna wa Perugia
Chanzo cha Firenze labda siyo. Cha Perugia ni chetu, tuachie. Na huenda Dante alikuwa anasema uchungu tu, chumvi ya machozi.

#25 Bint Mbarouk
Nimeuliza mkate nimepewa vita, kodi na mashairi. Asanteni, bado sijui.

#26 Kijana wa Ilala
Nimepita kimya mpaka hapa. Naomba nitoe sababu ya kumpeleka mama Santa Maria Novella, kanisa lililo jirani na stesheni (jina ni moja, ila ni vitu viwili). Kiingilio kipo ila si kikubwa. Nyuma ya altare kuna michoro ya ukutani ya Ghirlandaio, na kwenye ule wa Mamajusi tafuteni twiga. Ndiyo, twiga. Mwaka 1487 Lorenzo de' Medici, mkuu wa ukoo uliotawala mji, aliletewa twiga hai, mji mzima ukatoka kumtazama. Watoto wa Firenze hawakuwa wamewahi kuona mnyama wa namna ile.

#27 Baharia wa Malindi
Twiga wetu huyo! Alitoka Malindi. Hii habari tunaijua tangu shule.

#28 Kijana wa Ilala
Kapteni, wa Malindi alikwenda China, 1415, kwa mfalme Yongle. Huyu wa Firenze alitumwa na Sultani Qaitbay wa Misri, miaka sabini na kitu baadaye. Msijitwalie twiga wote wa dunia.

#29 Baharia wa Malindi
Misri twiga hazaliwi. Sultani alimpata wapi? Lazima alishuka kutoka huku kusini.

#30 Frateri Mstaafu
Nubia na Ethiopia ziko karibu zaidi na Misri kuliko Malindi. Wengi wanaelekeza huko. Masikini yule mnyama hakuishi sana, aligonga kichwa kwenye boriti ya zizi lake akavunjika shingo. Yumo pia kwenye mchoro wa Vasari ndani ya Palazzo Vecchio, chumba cha Lorenzo, na hapo ni wazi Jumatatu.

#31 Kijana wa Ilala
Na tukiwa kwenye Medici na Afrika: Alessandro de' Medici, mtawala wa kwanza wa Firenze kuitwa dyuki, 1532. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumba yao, na wengi wameandika kuwa alikuwa na asili ya Afrika. Aliuawa 1537 na ndugu yake Lorenzino. Amelazwa kanisa la San Lorenzo, ndani ya kaburi alilolichonga Michelangelo kwa ajili ya mtu mwingine wa ukoo.

#32 Mzee wa Ramani
Hilo la mama yake halijathibitishwa. Wapo wanaosema alikuwa mwanamke wa kijiji cha karibu na Roma tu.

#33 Kijana wa Ilala
Wapo. Mimi natazama picha zake walizomchora akiwa hai, nywele na midomo, naona ninachokiona. Wewe tazama utakachoona.

#34 Daktari wa Usiku
Turudi kwa mama. Nuru, kuna kitu hamjagusa: kwa nini watu wanazidiwa Firenze hasa? Mwandishi Stendhal wa Ufaransa alitoka kanisa la Santa Croce moyo unamdunda, akaogopa kuanguka. Baadaye daktari wa akili wa hospitali ya mji ule, Graziella Magherini, alipokea watalii wa namna hiyo, wanaolia, wanaoona kizunguzungu mbele ya picha, akauita ugonjwa wa Stendhal. Maelezo yake ni kwamba uzuri ukizidi mtu hupoteza mizani.

#35 Anna wa Perugia
Mimi naamini jua na njaa. Firenze iko bondeni, imezungukwa na vilima, kiangazi upepo haupiti. Mtu hajanywa maji tangu asubuhi, kasimama foleni saa mbili, akianguka tunamsingizia Botticelli.

#36 Baharia wa Malindi
Mimi nasema ni mawe. Barabara zote ni mabamba ya mawe magumu, hakuna udongo. Miguu ya pwani iliyozoea mchanga inalia kufika saa tisa. Avae viatu vya raba, vya kupendeza aviache kwa Papa.

#37 Daktari wa Usiku
Jua na mawe viko Roma pia na huko hawaanguki hivyo. Mimi nimemwona kaka yangu, mtu mkavu kabisa, akikaa chini pale Santa Croce akilia bila kujua kwa nini. Alikuwa ameshiba na ilikuwa Desemba.

#38 Frateri Mstaafu
Pale Santa Croce wamelala Michelangelo, Galileo, Machiavelli. Kaburi la Dante lipo ila ni tupu, mwenyewe yuko Ravenna, alikofia, na Ravenna hawajamtoa. Mtu akipita kati ya majina hayo jioni, machozi hayahitaji daktari.

#39 Nuru wa Korogwe
Sababu yoyote iwayo, dawa ni moja: vitu vichache na kukaa. Nauliza sasa, jioni tuimalizie wapi? Nimeona wengi wanataja Piazzale Michelangelo.

#40 Bint Mbarouk
Pale mji mzima unauona, kuba, mto Arno, madaraja. Ni juu ya kilima, lakini basi namba 12 na 13 zinakufikisha bila ngazi. Oktoba mwanzoni jua linazama kama saa moja kasoro. Fikeni mapema, ukingo wote hujaa watu, vijana na gitaa.

#41 Frateri Mstaafu
Pandeni kidogo zaidi, San Miniato al Monte. Kanisa lilianza kujengwa karne ya 11, kuingia ni bure, sakafu ina nyota za marumaru za mwaka 1207, na wamonaki Wabenediktini bado wanaimba sala za jioni kwa Kilatini. Ngazi za mbele ni nyingi, zikwepeni, iko njia ya magari ya kupinda. Mama atakaa ndani ya masifu ya jioni akiwa na rozari yake. Mandhari ya mji ni yale yale, kelele hakuna. Saa za sala hubadilika, ulizeni mlangoni.

#42 Mzee wa Ramani
Na Ponte Vecchio mmeisahau. Daraja la 1345, maduka ya dhahabu pande zote. Mnajua zamani yalikuwa mabucha? Mtawala Ferdinando wa Kwanza aliwafukuza wachinjaji mwaka 1593 kwa sababu ya harufu, akaweka masonara. Na ndilo daraja pekee ambalo Wajerumani hawakulilipua Agosti 1944 walipokuwa wanakimbia. Hitler alilipenda.

#43 Msukuma wa Stuttgart
Hilo la Hitler linasemwa sana. Huku kwetu anatajwa zaidi balozi mdogo wa Ujerumani mjini Firenze, Gerhard Wolf, aliyehangaika kuuombea mji. Ana kibao chake pale darajani.

#44 Anna wa Perugia
Sababu ya tatu: daraja lilikuwa dhaifu, kifaru kisingepita, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kupoteza baruti. Walibomoa nyumba za pande zote mbili kuziba njia, na ndiyo maana majengo ya kwenye miisho yake ni mapya. Wengine wanasema yupo mwenyeji aliyekata waya.

#45 Mzee wa Ramani
Waya na kifaru haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ama lilitegwa ama halikutegwa.

#46 Nuru wa Korogwe
Wakuu, naweka ninachokiona, mnipige mawe:

Treni ya asubuhi mapema. Santa Maria Novella kwa ajili ya twiga, maana iko njiani. Kanisa kuu tulizunguke kwa nje, foleni ya ndani tuiache. Museo dell'Opera bila haraka. Utumbo San Lorenzo, mama aamue. Kahawa ya kukaa Signoria na masanamu ya Baharia. Daraja tulivuke taratibu. Basi mpaka San Miniato, masifu, kisha stesheni.

#47 Mzee wa Ramani
Ulisema vitatu. Nahesabu saba.

#48 Anna wa Perugia
Ondoa kimoja asubuhi. Twiga na Magdalena kabla ya chakula ni mengi kwa macho. Mimi ningeacha twiga.

#49 Kijana wa Ilala
Msiguse twiga! Ondoeni daraja, maduka ya dhahabu yapo Kariakoo.

#50 Frateri Mstaafu
Panga kwa viti. Baada ya kila kitu kimoja jua mama anakaa wapi kabla ya kingine. Makumbusho yana mabenchi, Loggia ina ukingo wa jiwe, San Miniato ina mabenchi ya kanisa. Kati ya soko na Signoria ndipo hapana, hapo mpite kwenye maktaba ya Oblate, karibu na kanisa kuu. Juu kuna mgahawa wa bei ya wanafunzi unaotazamana na kuba, na kupanda ni kwa lifti. Ataliona kuba karibu kuliko wanaosimama chini.

#51 Nuru wa Korogwe
Frateri, hiyo naichukua badala ya kahawa ya Signoria. Daraja tutalitazama tukiwa ndani ya basi kama linaonekana. Twiga abaki.

#52 Bint Mbarouk
Kutoka kwenye basi hulioni vizuri. Simameni daraja la jirani, Santa Trinita, dakika tano tu. Ukiwa juu ya Ponte Vecchio unaona vidani, ukiwa Santa Trinita unaona Ponte Vecchio. Tiketi za basi nunueni kabla ya kupanda, au gusisha kadi ya benki kwenye mashine ndani.

#53 Kigoma Express
Na Venice je? Ni saa mbili kutoka hapo kwa treni ya kasi.

#54 Anna wa Perugia
Kigoma, fungua uzi wako, tutakuja.